Mikono Arobaini na Minane, Yote ya Kushoto

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipowaachia: paa la karakana ya binti yangu limevuja, mkataji wetu wa miaka yote amehamia kwa jirani mwenye cherehani nane, na mkwe wangu amerudi kutoka semina akiwa na cheti.

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa sabuni kabla hawajalisoma, nitawaelezea upesi.

Binti yangu ni fundi wa nguo. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na sanamu ya kuvalisha nguo. Sanamu haina kichwa, na kuna siku naona ndiyo yenye akili kuliko sote humo ndani. Mimi nakaa kwenye stuli dirishani, nashona vifungo kwa mkono. Cherehani ya pili anaendesha msichana tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki.

Mkwe wangu alikuwa mtunza stoo. Stoo ikafungwa, akakaa nyumbani miezi mitano akihesabu vigae vya dari, halafu akaenda semina ya siku tatu ya namna ya kutulia kwenye misukosuko na kutatua matatizo. Siku tatu! Mimi nimelea watoto sita, nimezika mume, nimehama nyumba nne, na hakuna aliyenipa hata karatasi ya kufungia karanga.

Alirudi anatembea polepole kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Akabandika karatasi kubwa ukutani: TULIA. PUMUA. TATUA. Aliipigilia kwenye msumari tunaotundikia mikasi. Tangu siku hiyo mikasi ikawa inalala chini, na wa kwanza kuikanyaga alikuwa yeye.

Kisha akaleta saa ya ukimya. Kila asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka saa nne, hakuna kuongea. Ziongee cherehani tu.

Nilidhani anamlenga Redio. Kumbe mlengwa ni mimi.

"Mama, samahani, usinielewe vibaya," aliniambia. "Wewe ni mzazi wangu. Ila una wasiwasi mwingi. Mtu akigusa mkasi tu, unasema 'angalia'. Hiyo 'angalia' yako inatutia presha."

"Sawa, baba."

"Ukiona jambo, usiliseme. Liache lipite kama wingu."

"Litapita, baba."

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chuo cha wauguzi kilitupa makoti meupe ishirini na manne ya wanafunzi wanaohitimu. Sherehe Alhamisi saa nane mchana, na Mkuu wa chuo angekuja mwenyewe kuyachukua saa saba. Akiridhika, binti yangu anakuwa fundi wa chuo. Asiporidhika, kazi inakwenda kwa jirani, na binti yangu alishaniambia kwa kinywa chake: "Mama, hii ikiniponyoka nafunga chumba. Nitaenda kukaa cherehani ya tisa kwa jirani."

Jirani huyo, nawaomba mjue, alifundishwa kutia uzi kwenye sindano na binti yangu.

Miili ya makoti ilikatwa na mkataji wa zamani kabla hajahama. Iliyobaki ni mikono. Na mikono aliikata mkwe wangu, mwenye cheti.

Basi Alhamisi, saa mbili asubuhi. Miili yote ishirini na minne imeshonwa, imepigwa pasi, imening'inia kwenye kamba inapendeza. Redio akafungua furushi la mikono, akatia mkono wa kushoto kwenye koti la kwanza. Ukakaa. Akachukua mwingine, akautia kulia, akalivalisha sanamu.

Akanyamaza.

Redio kunyamaza, na saa ya ukimya bado! Sote tukageuka.

Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja begani, umevuta kola kwenda nyuma. Sanamu ilikuwa kama mtu aliyeshikwa na polisi.

"Umegeuza," binti yangu akasema. "Chukua mwingine."

Redio akachukua mwingine. Vilevile. Akachukua wa tatu. Vilevile. Binti yangu akaja mbio, akamwaga furushi zima mezani, akaanza kuilaza mkono juu ya mkono, anapapasa mkunjo wa bega kwa kidole.

"Kushoto," anasema. "Kushoto. Kushoto. Huu nao kushoto. Mama, yote ya kushoto!"

"Tulieni!" Mkwe wangu akainua viganja. "Hakuna kupaniki. Hiki ndicho nilichosomea. Tusimame duara."

Tukasimama duara. Watu wazima watatu na msichana mmoja, tumeizunguka meza kama tunaaga maiti.

"Vuta pumzi kwa nne. Shika kwa nne. Toa kwa nne. Mnajisikiaje?"

"Kaka," Redio akasema, "mimi nimevuta na nimetoa, na mkono bado ni wa kushoto."

"Nani alikata?" binti yangu akauliza.

"Mke wangu, semina inasema tusitafute mkosaji. Tutafute suluhu."

"Nimeuliza, nani alikata?"

"Mimi."

"Yote arobaini na minane?"

Hapo ndipo naona ilimwingia. Akaitazama meza. Akashika mkasi, akauweka, akaushika tena. Akachukua simu akasema "Haloo, haloo" na hakuwa amepiga namba yoyote. Mwisho akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, juu ya kimto changu cha pini.

Pumzi yote ilimtoka kwa mkupuo, bila kuhesabu.

Akakimbilia chooni. Tukasikia komeo. Baada ya muda kidogo tukasikia maji yanachuruzika taratibu, ile sauti ya kutuliza akili aliyopewa kwenye semina, iko kwenye simu yake.

Redio akaninong'oneza, "Bibi, hayo ni ya simu au ni yake?"

Msicheke sana. Hapa lazima nikiri jambo, na nawaomba mbaki nalo ninyi wenyewe.

Nilimwona.

Jumanne, saa tatu na dakika kumi, katikati ya saa yake ya ukimya. Kitambaa kile kina uso na mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia kama unga. Mkataji anayejua kazi hukilaza uso kwa uso, ili kila anapokata mkono mmoja apate ndugu wawili, wa kulia na wa kushoto. Mkwe wangu alikilaza tabaka juu ya tabaka, nyuso zote juu, kama wagonjwa wodini. Ukikata hivyo, unapata upande mmoja tu, hata ukate mpaka mwakani.

Nilifungua mdomo. Macho yangu yakaangukia kwenye ile karatasi: TULIA. Nikamkumbuka na maneno yake, wasiwasi wangu, presha yangu, wingu lake.

Nikafunga mdomo. Nikaliacha lipite.

Na nisiwadanganye kwamba ulikuwa utii. Nilikuwa nasikia raha. Nilisema moyoni ataharibu mitatu minne, ashtuke, aje kwangu, "Mama, nisaidie," na mimi nijivute kidogo kabla ya kuitika. Sikujua atakata yote kwa mkupuo, afunge furushi kwa kamba, avitie vijipande vilivyobaki kwenye mfuko wa vipande. Nilipogundua, maji yalikuwa yamezidi unga. Jumatano nzima nilishona vifungo na kila kifungo kinanitazama kwa matundu yake manne.

Turudi Alhamisi. Binti yangu ameshika simu, na huyu amepiga namba kweli.

"Unampigia nani?"

"Mkuu wa chuo. Nimwambie tu aende kwa jirani. Bora niaibike mapema."

"Weka simu, mwanangu."

"Mama, kitambaa kimeisha! Duka lenyewe walisema kile ndicho cha mwisho. Nitakata na nini, na ngozi yangu?"

"Weka simu, unywe chai. Redio, mletee."

"Chai, mama? Sasa hivi?"

"Mtu hawezi kulia na kunywa kwa wakati mmoja. Atapaliwa. Kunywa."

Akanywa. Kikombe kilimkalisha kitako.

"Nijibu polepole," nikamwambia. "Urefu wa mkono umeharibika?"

"Hapana."

"Upana?"

"Hapana."

"Kiwiko, pindo la chini?"

"Hapana, mama. Ni hapa begani tu. Mbele pamechimbwa, nyuma pamejaa. Ukiupeleka upande wa pili, penye kujaa panakuja mbele, ndiyo maana unavuta."

"Kwa hiyo hujaharibikiwa na mikono arobaini na minane. Umeharibikiwa na kipande cha bega kisichozidi kiganja changu."

Akanitazama. Nikavuta mkono mmoja, nikaukunja katikati kwa urefu, mshono kwa mshono. Begani upande mmoja ukachomoza kuliko mwenzake, upana wa vidole viwili.

"Kata hicho kilichozidi."

"Mama..."

"Kata. Nyuma ilingane na mbele. Mwanangu, nilishona mashati ya wapakia mizigo kabla hujazaliwa. Fundi wangu alikuwa anakata mkono hivi hivi, hauna kulia wala kushoto, unautia popote. Alikuwa mvivu yule baba, lakini uvivu wake leo tutaula."

Binti yangu akakata. Akaufungua. Bega limekaa sawa pande zote mbili, kama kilima alichochora mtoto. Akautia pini kwenye sanamu, kulia. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Umekaa," akasema kwa sauti ndogo. Halafu ufundi ukamrudia, akakunja uso. "Lakini mgongoni patabana. Mtu akinyanyua mikono juu sana..."

"Patabana kwa anayepanda mti. Hawa wanaenda kupokea vyeti."

Redio akaangua kicheko. Ndipo nikajua tumepona nusu.

"Tuikate yote, hata ya kushoto," binti yangu akasema, sasa anaongea kifundi. "Mikono miwili ya koti moja lazima ifanane. Mimi nakata, nashona. Redio anashona. Mama, vifungo. Ila nahitaji mtu wa kukunja na kupiga chaki, tusipoteze muda."

Sote tukatazama mlango wa choo. Maji ya simu bado yanachuruzika.

Nikaenda kugonga.

"Baba, toka. Kuna kazi ya chaki."

"Mama, nimeharibu." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Umeharibu. Toka ushike chaki."

"Mke wangu anasemaje?"

"Hana nafasi ya kusema, anakata. Na hilo komeo huwa linakwama, livute kuelekea kwako halafu uliinue."

Akatoka, amelowa jasho, cheo chote kimemvuka. Nikamwonyesha: kunja, linganisha, piga mstari, mpe mkeo. Kwa ule wa kwanza mstari ukampinda. Kwa wa tano ukanyooka. Kwa wa kumi nikaona anapiga mstari safi kuliko wangu. Hakuvuta pumzi kwa nne. Alivuta tu, kama sote.

Saa tatu ikafika. Saa ya ukimya. Hakuna aliyeitaja. Redio alikuwa anasimulia habari za shangazi yake na jogoo, na cherehani zinamjibu.

Tulipofika kwenye mkono kama wa thelathini, mkwe wangu akaniinamia.

"Mama."

"Naam, baba."

"Asante. Mtu mwingine angenisema mpaka jioni. Wewe hukunisema hata neno moja."

Jamani. Ile pini aliyoikalia asubuhi nikaisikia imehamia kwangu. Nikainama kwenye kifungo changu, nikamwambia, "Angalia mstari wako."

"Naangalia, mama," akasema, akatabasamu.

Saa sita kasorobo gari likasimama nje. Mkuu wa chuo. Kabla ya wakati kwa saa nzima na robo! Makoti ishirini na moja tayari, matatu bado hayana mikono, na sakafu nzima imejaa vipande vya mabega.

Mama mrefu, miwani kwenye ncha ya pua, mkoba umebanwa kwapani. Hakukaa.

"Nimewahi kwa sababu siku hizi siamini mtu," akasema. "Nataka kuona koti likiwa mwilini. Wewe msichana, vaa."

Redio akavaa. Binti yangu akaweka pini nne mdomoni. Ndiyo tabia yake akiogopa, asije akasema kitu.

"Geuka. Inama. Sasa nyanyua mikono juu."

Juu! Nikamtazama Redio kwa jicho la kusema, usipande mti, mjukuu wangu, usipande mti. Redio akainua mikono polepole mpaka usawa wa masikio. Mgongoni kitambaa kikanyooka kama ngoma. Nikasikiliza uzi.

Haukukatika.

"Hm." Mkuu akasogea, akashika bega. "Mbona mikono imekaa hivi? Imesimama, kama ya askari."

Binti yangu ana pini mdomoni. Mimi nina dhambi. Nani atasema?

Mkwe wangu akapiga hatua moja mbele. Beseni la maji limerudi kichwani.

"Ni mshono wa nidhamu, mheshimiwa," akasema taratibu. "Muuguzi akivaa, mabega yanajikumbusha kusimama. Akiwa katika misukosuko ya kazi, vazi lenyewe linamwambia: tulia."

Nilitaka kukohoa nikameza.

Mkuu akavua miwani. "Tulia," akarudia, kama aliyepewa peremende. "Na hiyo karatasi ukutani ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Nimesomea."

"Wanafunzi wangu wanalia mitihani ikikaribia, wengine wanazimia. Uje uwafundishe. Na wewe fundi, kuanzia muhula ujao nguo zote za chuo zishonwe hapa. Kwa mshono huuhuu wa nidhamu, usinibadilishie. Nani aliubuni?"

Mkwe wangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

"Ni kazi ya pamoja, mheshimiwa. Mimi nilisimamia utulivu tu."

Alisimamia utulivu! Kutokea chooni!

Makoti matatu yakamaliziwa Mkuu akiwa amesimama mlangoni anatazama saa. Yakapigwa pasi, yakakunjwa, yakaingia garini. Gari likaondoka. Binti yangu akatema pini zake kiganjani, akacheka, akalia, akamkumbatia Redio, akamkumbatia mumewe, akaikumbatia sanamu. Kazi ameipata. Chumba hakifungwi. Cherehani ya tisa ya jirani itakaliwa na mwingine.

Ningekaa hapo nikafurahi, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Lakini mkwe wangu alikwenda ukutani, akainyoosha ile karatasi yake iliyopinda, akasema, "Mnaona? Utulivu unalipa."

Ninyi mnanijua kwa uvumilivu. Nimevumilia semina, nimevumilia wingu, nimevumilia mshono wa nidhamu. Hapo uvumilivu wangu ukaachia kama uzi mbovu, na mdomo ukaenda wenyewe.

"Ningejua utakuja kusifiwa hivi," nikasema, "ningekwambia Jumanne ileile ugeuze kitambaa."

Nilisikia maneno yakitua mezani. Nikayatazama. Hayarudishiki.

Redio akaondoa mguu kwenye cherehani.

Mkwe wangu akageuka kutoka ukutani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Uso wake ulikuwa umetulia kweli, kwa mara ya kwanza tangu aende semina.

"Jumanne, mama?" akauliza. "Jumanne uliniona?"

Nikamtazama binti yangu. Furaha ilikuwa bado usoni mwake, haijapata habari. Halafu ikazipata. Akazitazama pini zilizokuwa kiganjani, akachukua moja, akaichoma kwenye kimto. Akachukua ya pili, akaichoma. Ya tatu. Ya nne.

"Mama," akasema. "Ulikaa siku mbili unajua? Nilipokuwa nimeshika ile simu, ulikuwa unajua?"

Na mimi, mama wa watoto sita, niliyezika mume na kuhama nyumba nne, nikajikuta nimesimama katikati ya vipande vya mabega nahesabu.

Vuta kwa nne. Shika kwa nne.

Kutoa, pumzi haikutoka.